Sura ya Saba: Rejeta ya Treloar

Inspekta Lothar Kleinig aliinama akachungulia chini ya boneti kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani, akasonya.

"Takataka tupu," alisema. "Na kwa takataka hizi mzee wa watu yuko mochwari."

Gari lilikuwa Holden ya mwaka hamsini na nne, rangi ya maziwa, limeegeshwa kwenye banda la bati nyuma ya kituo cha polisi cha Warrabine. Banda lilikuwa na joto la tanuri. Sajenti Despina Kotsaris alikuwa amepiga goti mbele ya gari na tochi mkononi. Kleinig hakuwa mtu wa kutaka majibu, alitaka wasikilizaji.

"Alwyn Treloar anapanda Mlima Corrigan na wenzake wa Klabu ya Magari ya Kale," aliendelea, akihesabu kwa vidole kana kwamba anamfundisha mtoto wa chekechea. "Gari linachemka. Anasimama kileleni, anafungua mfuniko wa rejeta, mvuke unamrukia, anaruka nyuma, anaangukia bondeni. Shingo kwisha. Sasa, nani aliyeng'oa rejeta ya zamani akaweka hii? Fetu Leavasa. Nani aliyeficha feni ya umeme nyuma ya grili, feni ambayo waya wake umechomoka? Leavasa huyohuyo. Kesho asubuhi namfikisha kwa hakimu kwa kosa la kuua bila kukusudia. Unatafuta nini hapo chini, Kotsaris? Umeangusha hereni?"

"Naangalia waya, bwana."

"Uangalie vizuri. Ndiyo kesi yenyewe."

Akatoka akijipepea kwa kofia.

Waya ulikuwa unaning'inia kweli, umetoka kwenye soketi yake. Despina alisogeza tochi. Pembeni ya soketi, kwenye chuma cha mbele, palikuwa na mkwaruzo wenye umbo la pingili ya mnyororo. Gari zima lilikuwa limejaa vumbi jekundu la barabara ya Corrigan, kila kona na kila mkunjo. Kwenye mkwaruzo ule hapakuwa na vumbi hata chembe. Chuma kiling'aa.

Alimpigia simu dereva wa gari la kukokota.

"Ulifunga wapi mnyororo siku ile?"

"Mbele, palipokuwa na pa kufunga," dereva alijibu. "Mlitaka nilibebe mgongoni?"

"Ulisikia kitu kikikatika?"

"Afande, lile gari ni kuukuu kuliko mama mkwe wangu. Kila kitu kilikuwa kinalia."

Basi waya ulichomolewa na mnyororo, na mnyororo ulifika baada ya Treloar kufa. Kesi ya Kleinig ilikuwa imekatika mguu mmoja. Lakini feni nzima haikuthibitisha kwamba gari halikuchemka. Mwenyekiti wa klabu, aliyekuwa nyuma ya Treloar, aliapa kwamba aliliona likichemka, na wanachama waliofika baadaye walikuta injini imelowa chapachapa.

Despina alisimama akatazama injini yenyewe. Vumbi jekundu lilikuwa limetanda pande zote ila juu, upande wa kushoto, ambako lilikuwa limeoshwa. Michirizi iliteremka yote kuelekea upande mmoja, mipana juu na myembamba chini. Ilikuwa na sura ya maji yaliyorushwa kwa debe.

Alivaa glavu, akaingiza kidole kwenye mdomo wa rejeta. Hakikwenda mbali. Rejeta ilikuwa imejaa. Kidole kilitoka chekundu kama kimechovywa kwenye sharubati. Akachota kidogo, akatia kwenye chupa ya kioo, akaifunga. Kisha akaufuata mpira mwembamba uliotoka shingoni mwa rejeta mpaka ulipopotelea ndani ya madigadi. Huko ndani, mahali ambapo jicho lisilotafuta lisingefika, palikuwa na kichupa cha plastiki cha kupokea kinachofurika. Kilichokuwa ndani kilikuwa chekundu pia, kimetulia kwenye mstari wake wa chini kabisa, ule wa injini iliyopoa. Juu ya mstari kuta zilikuwa kavu, hazina alama.

Akaenda mahabusu.

Fetu Leavasa alikuwa amelala chali kwenye kitanda kifupi kuliko yeye, miguu inaning'inia. Hakuinuka.

"Umekuja kunifungulia au kunihurumia, dada? Kama ni huruma, rudi nayo. Nimeshiba. Mmenipa mkate uliokauka mpaka unaweza kupiga nao msasa."

"Nimekuja kuuliza kuhusu rejeta."

"Muulize inspekta wako. Yeye ndiye profesa. Jana alinionyesha pampu ya maji akaniuliza kama ndiyo feni."

Despina alivuta kiti. "Treloar alitaka nini kwako?"

"Alitaka gari lisilosimama juani. Moyo wake ulikuwa mbovu. Na wale wazee wa klabu, unawajua? Kila mwaka wanapanda mlima na magari yao, kila mwaka magari yanachemka, wanaketi njiani kwenye joto la kukaanga yai, wanakunywa chai wakingoja injini zipoe. Wanaita mila. Mimi naita ujinga wenye kadi ya uanachama." Akacheka peke yake. "Mzee akasema, Fetu, mwaka huu nikikaa juani nakufa. Nifanyie kitu, ila wasijue, watanifukuza. Nikamfanyia. Rejeta ya aluminiamu, nimeipaka rangi nyeusi nikaivika kichwa cha shaba cha ile ya zamani. Ukitazama juu unaona ya babu yako. Feni ya babu nimeiacha inazunguka kwa mkanda wake, ya umeme iko mbele, imejificha. Kazi safi. Haiwezi kuchemka."

"Kila fundi husema hivyo."

"Na kila askari husema hivyo."

"Ndani ulitia nini?"

"Kulanti. Dawa nyekundu ya kupoza injini. Nani anatia maji siku hizi? Wao tu. Tena si maji ya bomba, la, hayo ni ya watu wa chini. Ni maji ya mvua kutoka kwenye tangi la klabu. Kila gari linabeba debe lake. Ukikutwa na kulanti wanakutazama kama umekojoa kanisani."

"Nani alijua kwamba umetia?"

"Mimi na mzee."

"Inspekta anasema ulimsimulia hadithi kuhusu mshono."

Hapo Fetu aliinuka. Kitanda kililia.

"Si hadithi. Nilipotoa rejeta ya zamani niliuona kwa macho yangu. Nyuma yake, chini, chuma kimekatwa kikachomelewa. Lile si gari moja, dada. Ni mbele ya gari moja na nyuma ya jingine, limepakwa rangi juu likapigwa polishi. Na mzee aliuziwa na nani? Na mwenyekiti mwenyewe, Clement Bowditch, kwa kiapo kwamba halijaguswa tangu litoke kiwandani. Jaji mkuu wa klabu! Anayefukuza watu kwa sababu ya parafujo mpya!" Akatema mate kwenye sinki. "Mzee alisema nifunge mdomo, atayasema mwenyewe siku ya safari, kwenye chakula cha mchana, mbele ya wote. Hakufika kwenye chakula. Nilimwambia inspekta, akacheka mpaka akakohoa."

Despina alisimama.

"Dada." Sauti ilikuwa imeshuka. "Nikipatikana na hatia hawanifungi tu. Wananirudisha kwetu visiwani, Apia. Mama yangu anaishi chumba cha nyuma ya gereji, haoni vizuri, anajua njia ya kutoka kitandani kwenda jikoni kwa kugusa mabenchi yangu. Gereji ikifungwa, atagusa nini?"

"Kesho bado haijafika," Despina alisema, akaondoka.

*

Juu ya Mlima Corrigan hakuna kitu ila upepo wa moto, nzi na mti mmoja. Barabara ikifika kileleni inapanuka kidogo: sakafu ya saruji nyeupe, benchi, uzio wa mbao unaoishia magotini, kisha bonde. Despina alifika kabla ya mwenyekiti, pamoja na Konstebo Yvette Hollis, aliyepiga picha siku ya kifo. Walitembea juu ya saruji wameinama. Palikuwa na madoa ya mafuta, doa la sosi ya nyanya, kinyesi cha kasuku. Hapakuwa na doa jekundu mahali gari la Treloar liliposimama.

"Siku ile palikuwa pamelowa?" Despina aliuliza.

"Pamelowa sana, Sajenti. Ila palikauka nikiwa bado nashika kamera. Hata alama haikubaki."

Walisikia gari la Bowditch kabla ya kuliona. Lilikuja likikoroma, jeusi, la kabla ya vita, linafuka mvuke puani kama farasi mgonjwa. Lilisimama katikati ya ile saruji. Clement Bowditch alishuka akiwa na koti la sufu na tai, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, akakunja mikono. Upande wa abiria aliketi Elspeth Gault, katibu wa klabu, mama mwembamba mwenye kikapu cha sandwichi mapajani.

"Nimeambiwa polisi wanahitaji kuonyeshwa mahali," Bowditch alisema. "Nilidhani mahali mnapajua. Ni pale penye bonde."

"Asante kwa kuja, Bwana Bowditch. Konstebo anarekodi. Huna lazima ya kusema lolote, na utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Nina lazima ya kuwaelimisha, binti. Uliza."

"Gari lako limechemka."

"Limepata joto. Gari lenye heshima hupata joto likipanda mlima, na mtu mwenye heshima hulisubiri. Vijana hawaelewi kusubiri."

"Bwana Treloar hakusubiri?"

"Alwyn?" Bowditch alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Alwyn alikuwa mtu mdogo. Mungu amrehemu. Alikwenda kumpa yule mtu wa visiwani gari la kihistoria alitie matakataka ya umeme, na matakataka yakafanya yanayofanywa na matakataka. Nilikuwa nyuma yake. Akasimama hapa. Akafungua boneti, mvuke ukapaa juu kuliko mti ule. Nikampigia kelele, usiguse! Akagusa. Mfuniko ukalipuka, maji yakaruka, naye akaruka nyuma. Uzio huu mnaouona hauzuii hata mbuzi. Basi."

"Maji yaliruka wapi?"

"Kila mahali. Kwenye injini. Chini. Mengi sana. Rejeta ilitapika nusu ya tumbo lake."

"Uliyaona kwa macho?"

"Nilikuwa umbali wa kutoka hapa mpaka kwako."

"Yalikuwa na rangi gani?"

Bowditch alimtazama Elspeth, kisha Hollis, kama mtu anayetafuta shahidi wa ujinga aliousikia. "Rangi ya maji, binti. Ulidhani bia?"

Elspeth Gault alicheka kidogo ndani ya leso.

Despina alitoa chupa ya kioo mfukoni, akaifungua, akamwaga kilichomo juu ya saruji nyeupe. Kilitambaa, kikanywewa, kikabaki doa la rangi ya waridi. Nzi walilishukia.

"Hii nimeitoa kwenye rejeta ya Bwana Treloar leo," alisema. "Rejeta imejaa mpaka shingoni. Haijatapika nusu wala robo. Na kama ingetapika, ingetapikia kichupa kilichofichwa ndani ya madigadi, ambacho hakikupokea tone lolote la ziada. Gari lile halikuwa na maji, Bwana Bowditch. Lilikuwa na hii."

Mvuke wa gari jeusi ulikuwa umepungua, sasa ulisikika ukitoa filimbi nyembamba. Bowditch alitoa leso akajifuta shingo. Alichukua muda mrefu kuliko shingo ilivyohitaji.

"Kulanti," alisema kwa kinyaa. "Hata hiyo. Sikushangai, Alwyn."

"Sasa maji meupe yalitoka wapi?"

"Yalitoka kwangu. Kwa nini usiulize moja kwa moja badala ya kuchafua sakafu ya umma? Gari lilikuwa linachemka, mtu ameanguka, kuna petroli, kuna nyasi kavu bonde zima. Nilichukua debe langu la maji ya mvua nikalimwagia. Ndiyo yaliyolowesha. Nimechanganya mambo kwa sababu ya huzuni. Inaruhusiwa, nadhani?"

"Inaruhusiwa," Despina alisema. "Uliyamwaga juu ya injini."

"Juu ya injini."

"Ikiwa inachemka. Mvuke juu kuliko mti ule."

"Ndiyo."

"Maji baridi." Despina alitikisa kichwa polepole, kisha akamgeukia konstebo. "Hollis, baba yako ana trekta la zamani, si ndiyo? Likichemka analimwagia maji baridi?"

"Akilimwagia, mama atamwagia yeye, Sajenti. Chuma kinapasuka. Silinda hedi inagawanyika kama biskuti."

"Hata mimi najua, na mimi naendesha gari la serikali." Despina alitazama gari jeusi lililokuwa bado linalia. "Lako limechemka mbele yetu na debe lako liko pale nyuma, hukuligusa. Umekunja mikono unasubiri. Lakini la mwenzako ukalimwagia. Bi Gault, hivi ndivyo klabu inavyofundisha?"

"Hapana kabisa!" Elspeth alisema, ameudhika. "Clem, hukufanya hivyo. Kijana wa mwisho aliyefanya hivyo ulimfuta uanachama mbele ya mke wake."

"Nyamaza, Elspeth."

"Basi tukaandike tu," Despina aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Mwenyekiti na jaji mkuu wa Klabu ya Magari ya Kale, kwa kutojua mambo ya msingi ya injini, alilimwagia maji baridi gari lililochemka. Kutojua si kosa la jinai. Magazeti yatacheka wiki moja yatasahau. Yule fundi Leavasa ndiye atakayecheka zaidi. Atasema, na huyu ndiye aliyekuwa akitubeza?"

Uso wa Bowditch ulikuwa umeiva.

"Usinilinganishe na yule mtu."

"Sikulinganishi. Yeye asingemwaga."

"Hata mimi nisingemwaga!" Bowditch alifoka, mate yakaruka mpaka kwenye tai. "Unadhani naweza kuharibu injini? Mimi? Nimezishika injini hizi kabla wewe hujazaliwa! Niliweka kiganja juu yake kwanza! Ilikuwa na joto la kawaida kabisa, ungeweza kuketi juu yake ukanywa chai! Ni mpumbavu gani angemwaga kama…"

Akaishia hapo.

Kasuku walipita juu wakipiga makelele. Gari jeusi lilikuwa limeacha kulia. Elspeth Gault alikuwa ameshika sandwichi iliyoumwa upande mmoja, hajui airudishe kikapuni au aitupe.

"Clem," alisema. "Kama lilikuwa halijachemka, Alwyn alisimama kwa nini?"

"Kwa sababu Bwana Bowditch alimpigia honi asimame," Despina alisema. "Ni hivyo, bwana? Alikuwa amekwambia asubuhi kwamba atausema mshono kwenye chakula."

Bowditch alijinyoosha koti. Hakumtazama yeyote; alitazama doa la waridi chini na pua yake ikajikunja.

"Mshono ule ni mzuri kuliko kazi ya kiwandani," alisema. "Niliuchomelea mwenyewe. Ulikaa miaka yote na hakuna jicho lililouona. Halafu anakuja mtu wa kufunga feni za plastiki anachungulia, na Alwyn anataka kuniweka kwenye meza moja naye, mbele ya watu, kwenye nyama na viazi. Nilimwambia rejeta yake inavuja. Akashuka kutazama. Aliinama pale ukingoni atazame chini ya gari." Akapangusa mkono wa koti. "Alikuwa mwepesi sana. Hata sikusukuma kwa nguvu."

Hollis alikuwa ameshatoa pingu. Bowditch alinyoosha mikono kama mtu anayempa mhudumu koti lake.

"Gari langu lisiendeshwe na polisi," alisema. "Likokotwe na mtu anayejua."

"Nitakutafutia," Despina alisema. "Nitamwambia afunge mnyororo mbele."

Alimwacha Hollis amwingize mtu wao kwenye gari, akasogea mpaka kwenye uzio, akapiga simu kituoni. Kleinig alipokea huku anatafuna kitu.

"Amekiri," Despina alisema. "Bowditch. Imerekodiwa, na katibu wa klabu amesikia."

Kutafuna kulikoma.

"Amekiri nini?"

"Kumsukuma. Gari halikuchemka, bwana. Waya ulichomolewa na mnyororo wako wa kukokota. Nitakuandikia yote nikishuka, lakini kuna jambo haliwezi kungoja nishuke."

"Lipi?"

"Leavasa. Mfungulie."

Despina alifukuza nzi usoni akangoja.

"Yule mtu ana mdomo," Kleinig alisema hatimaye. "Nikimfungulia mimi, atanisema. Mtume konstebo ukirudi."

"Mama yake yuko peke yake tangu jana, bwana. Mfungulie wewe, sasa hivi, halafu umrudishe nyumbani kwa gari lako."

"Nimwambie nini, Kotsaris?"

"Anza na samahani. Akikucheka, vumilia."

Hakukata simu, na baada ya muda Despina alisikia kiti kikivutwa, nyayo nzito zikienda zikikawia kwenye korido, kisha funguo.